Rangi ya samawati kwenye kisu cha Sheffield si kutu

Umeuliza kama kisu chako cha mfukoni kimeharibika kwa vile bapa limegeuka samawati-kijivu baada ya kukatia tufaha. Hapana, ni kizima kabisa. Visu vingi vya jadi vya Sheffield, mji wa Uingereza unaosifika kwa visu, ni vya chuma cha kaboni, na asidi ya tunda huacha utando mwembamba juu yake. Utando huo hupunguza kasi ya kutu, kwa hiyo tafadhali usiusugue kwa msasa! Mimi naona ndio uzuri wake: kila kisu hupata rangi zake kulingana na matumizi ya mwenyewe.

Cha kuangalia ni vidoa vyekundu, hasa kwenye kiungo, pale bapa linapokunjikia na maji hujificha. Ukimaliza kukata, pangusa, kausha, tia tone la mafuta pale kiungoni, kifungue na kukifunga mara kadhaa, kisha futa weusi utakaotoka. Usikiloweke pia, maana mpini wa pembe hupasuka.

Kuhusu kutembea nacho Uingereza: sheria ya 1988 inaruhusu kisu cha kukunja ambacho bapa lake halijikazi kwa kufuli likifunguliwa, makali yasizidi inchi 3. Shuleni usiingie nacho.