Alaumiwe mwenyewe, lakini ngojeni kwanza

Mhariri, wiki hii mmeuliza: nyota wa filamu akimalizwa na pombe, alaumiwe nani? Sijamaliza kusoma swali, jibu ninalo: mwenyewe. Hakuna aliyemshika pua akamnywesha.

Nilikuwa namfikiria Jan-Michael Vincent, yule rubani wa Airwolf, tamthilia ya Kimarekani ya helikopta ya kivita. Miaka ya 1984 hadi 1986 ilisemekana analipwa dola 200,000 kwa kila sehemu. Pombe na dawa za kulevya zikamla. Mwaka 1996 akapata ajali ya gari, akavunjika shingo na sauti ikaharibika. 2012 akakatwa mguu.

Sisi watoto wa Majengo, Moshi, hayo hatukuyajua. Kwetu alikuwa mtu wa banda la video, magunia dirishani, mabenchi yanayochoma suruali. Mwenye banda tulimwita Hoki, kwa ile Hawke, jina la yule rubani kwenye tamthilia, maana alivaa miwani myeusi hata usiku. Mkesha wa Krismasi mmoja banda lilifurika, hadi wale waliorudi kutoka Dar kwa sikukuu, “kuhesabiwa” kama tunavyosema kwetu. Helikopta ndiyo kwanza inachomoza pangoni, deki ikatafuna mkanda. Miluzi! “Rudisha hela!” Hoki akafungua deki kwa kisu cha mezani, akauvuta utepe uliojikunja, akawa anaurudisha ndani ya kaseti kwa kalamu ya Bic, polepole, sisi kimya kama kanisani. Ukakatika. Basi akasimama mbele ya runinga, akatusimulia yote yaliyobaki, mlio wa helikopta kwa mdomo, mate yanaruka, mkono mmoja ukizunguka kama panga. Adui alipolipuka akapiga teke debe. Hakuna aliyedai hela. Ile sehemu sijaitafuta mpaka leo. Naogopa itakuwa mbaya kuliko ya Hoki.

Deki zikapitwa na wakati, Hoki akahamia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, halafu gongo. Mara ya mwisho aliniita stendi kwa jina langu la utotoni, akaomba elfu mbili ya nauli ya Kibosho. Nikasema sina chenji. Nilikuwa nayo. Msibani kwake nilituma elfu hamsini kwa simu, na jina langu likasomwa.

Vincent alifariki Asheville, Marekani, tarehe 10 Februari 2019, na habari zikatoka Machi, karibu mwezi baadaye. Hapo ndipo nilipolainika. Kwetu hata mlevi wa mwisho kilabuni anafungiwa turubai na kuzikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo. Nilitaka kuandika kwamba sisi ni bora kuliko Wamarekani, nikakumbuka ile chenji.

Kwa hiyo mkinibana: mwenyewe, asilimia sabini. Haya, sitini, kwa sababu waliomlipa walimwona akilewa na kamera zikaendelea. Hao wagawane iliyobaki. Ya Hoki msinihesabie kwa asilimia, tafadhali.

Msomaji, Moshi