Kabla hujachora, ulizia hela

Wewe unayeanza kazi hii ya kupanga na kupamba nyumba za watu, siku moja mteja atakwambia: "Mdogo wangu, hela usijali, wewe nichoree kitu kizuri." Usichore.

Mimi nilichora. Ilikuwa sebule ya mama mmoja wa Mbezi Beach. Wiki tatu nzima nilikaa kwenye kompyuta: dari ya jipsamu ya ngazi mbili, ukuta wa TV wa mninga, taa zimefichwa pembeni. Alizipenda picha, akawatumia hadi wadogo zake. Nilipompelekea mchanganuo wa gharama, tiki mbili za bluu, kimya. Baadaye nikasikia kaenda Keko kuchongesha kochi mwenyewe. Sikumlaumu. Hela ya kuipendezesha sebule ile alikuwa nayo, ila mimi nilichorea hela nyingine kabisa.

Wateja wengi wanaficha bajeti kwa kuogopa cha juu. Wanaamini ukishasikia wana milioni nane, hata kazi ya milioni tano itafika nane. Na tusidanganyane, wapo wenzetu wanaofanya hivyo. Kwa hiyo anza wewe kufunguka. Siku ya kwanza, chai haijapoa, taja ada yako. Kama duka la taa Kariakoo linakupunguzia bei kwa sababu wewe ni mteja wao wa kila siku, mwambie, na mwambie punguzo hilo ni la nani. Risiti azione. Nimeshuhudia watu waliokunja uso wakilegea hapohapo.

Akisema hajui bajeti yake, mara nyingi hajui kweli. Usimbane. Muulize kochi alilonalo alinunua bei gani, na kipi kinaweza kusubiri hadi mwakani. Halafu pigeni hesabu ya kitu kimoja pamoja. Mimi hupenda mapazia. Madirisha matano ya mita 2, yeye kichwani ana mita 10 za kitambaa. Lakini pazia lenye mikunjo ya kupendeza linataka kitambaa mara mbili ya upana wa dirisha, yaani mita 20. Tuseme mita moja ni shilingi 18,000: alidhani 180,000, kumbe 360,000, na shela (pazia jepesi la ndani), fimbo na ushonaji bado. Hapo ndipo namba ya kweli huanza kumtoka mdomoni.

Ikitoka, iandike kwenye WhatsApp siku hiyohiyo. Ada yako imo? Ufundi na usafiri je? VAT ya asilimia 18? "Milioni nane" tupu imegombanisha watu. Sehemu moja ya kumi ya hela hiyo iweke pembeni, maana ukifumua dari ya zamani ndipo unapokutana na nyaya zilizotafunwa na panya.

Na hela ikiwa ndogo, sema leo: "Mama, hii inatosha rangi, mapazia na taa. Kochi tulibadilishe kitambaa tu."

Mteja wangu wa juzi naye alianza na "hela usijali, mwanangu". Nikaweka kalamu chini, nikamtajia ada yangu. Akacheka, akafungua mkoba, akatoa daftari. Namba ilikuwa humo muda wote, imepigiwa mistari miwili.