Mpiga dramu tuliyemwacha peke yake

Mhariri, umeuliza kama solo ya dramu, yaani mpiga dramu kuachiwa apige peke yake, inanogesha onyesho au inachosha watu. Nilianza kuandika nikiwa na jibu tayari: inachosha, dakika mbili zinatosha. Mimi ni mpiga besi, nimekaa ubavuni mwa dramu miaka mingi.

Ila kuna usiku mmoja haunitoki. Solo ilikuwa baada ya wimbo wa tano, na ishara ya kuturudisha ilikuwa mapigo manne makavu ya snea, ile ngoma yenye mlio mkali, kisha kiki, ngoma kubwa ya mguu. Mpiga dramu wetu alipoanza tu, tukashuka jukwaani kama tulivyozoea. Nikawa nyuma ya pazia nakunywa maji, nabishana na mpiga gitaa namna ya kuanza wimbo unaofuata. Huko nyuma dramu ni ngurumo tupu, snea huipambanui na tomu, zile ngoma nyingine za mlio mzito. Akapiga nne zake. Kimya. Akazunguka upya, tomu zote, matoazi, akashusha hadi vijiti vikawa vinagusa ukingo tu, akapandisha, akapiga nne tena. Nilipochungulia, waliokuwa wakishangilia walikuwa wanapiga soga, naye shati limemganda mgongoni, macho ameyakaza kwenye pazia. Tuliingia alipopiga nne zake mara ya tatu, mimi nikiwa nimechelewa nusu pigo. Hakutulaumu. Lakini hakuomba tena solo mpaka bendi ikavunjika.

Waliochoka usiku ule walichoka kweli. Ila sasa naona aliyewachosha si yeye. Alikuwa amemaliza kitambo, sisi ndio hatukuwepo kumpokea.

Sikilizeni “Take Five” ya kundi la jazi la Dave Brubeck, ya mwaka 1959. Mpiga dramu wao, Joe Morello, anapopiga solo, piano haiachi kile kifungu cha mapigo matano. Kwa hiyo Morello anaweza kunyamaza, akaacha nafasi, na msikilizaji hapotei. Najua mtanitajia John Bonham, mpiga dramu wa bendi ya roki ya Led Zeppelin, ambaye solo zake jukwaani ziliweza kuzidi dakika 15, nyingine akipiga kwa mikono mitupu. Sawa, lakini wangapi wana mkono ule?

Basi zile dakika mbili nazifuta. Apige anavyotaka, mradi mmoja wetu abaki pale anapoweza kumwona, hata kama hagusi chombo. Baada ya wimbo wa taratibu, hapana, hapo bado sikubali. Na besi ikiachiwa kushika mdundo chini yake, mimi niko tayari.