Kivuli cha dunia hakihusiki: maswali yenu kuhusu mwezi

Nimemweleza mwanangu kwamba mwezi hupungua kwa sababu kivuli cha dunia huufunika. Nimekosea?

Umekosea, na swali hili nimelijibu mara nyingi mno, pamoja na kuwajibu walimu. Kivuli cha dunia kikiuangukia mwezi, huko ni kupatwa kwa mwezi: jambo la saa chache, tena hutokea mwezi ukiwa mpevu tu. Sura za mwezi ni habari nyingine. Jua huangaza nusu ya mwezi wakati wote. Mwezi unapotuzunguka, nusu hiyo mara tunaiona yote, mara ubavu wake tu, mara hatuioni kabisa. Toka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu hivi.

Usimchoree. Zima taa zote, bakiza moja iliyo kimo cha kichwa chake. Mpe mpira mweupe, anyooshe mkono na kuuinua juu kidogo ya kichwa, kisha ageuke polepole kuelekea kushoto. Akiielekea taa, upande anaouona ni mweusi. Akiipa ubavu, nusu inang'aa. Akiipa kisogo, duara zima. Sasa muulize kivuli cha kichwa chake kiko wapi. Atakiona ukutani, chini ya mpira. Njia ya mwezi imeinama takriban digrii 5, ndiyo maana mwezi mpevu kwa kawaida hupita juu au chini ya kivuli chetu.

Kwa mtoto wa miaka minne, haitoshi kusema jua limekwenda kulala?

Haitoshi. Mwambie jua liko palepale, sisi ndio tumeligeuzia mgongo. Anaelewa. Uongo mtamu wa leo, kesho mwalimu atahangaika kuung'oa.

Kwa nini mwezi huonekana mchana?

Kwa sababu haujawahi kuwa wa usiku peke yake. Nalaumu vitabu vya watoto vinavyochora jua ukurasa huu na mwezi ukurasa ule. Mwezi huchomoza kwa kuchelewa wastani wa dakika 50 kila siku, kwa hiyo hupitia saa zote. Ukiwa nusu na unakua, utafuteni alasiri. Ukiwa nusu na unapungua, asubuhi. Ila jua likiwa juu, msimpe mtoto darubini. Ikilielekea jua, jicho huungua ndani bila kuuma.

Upande wa nyuma wa mwezi una giza siku zote?

Hapana. Ulipigwa picha mara ya kwanza mwaka 1959, ukiwa na mwanga. Mwezi usipoonekana kabisa kwetu, upande ule wote ni mchana.