Kadi ya Harusi Iliyofanana na ya Msiba

Mwaka wangu wa pili kwenye uchapaji nilipewa kadi ya mchango wa harusi. Duka letu lilikuwa na mtindo wake: maua pembeni, pete mbili zilizoshikana, picha ya wachumba ndani ya moshi wa dhahabu. Mimi usiku uliotangulia nilikuwa nimekesha nikimsoma Dieter Rams, mbunifu wa redio na vifaa vya nyumbani. Nikatoa karatasi nyeupe, mstari mmoja mwembamba juu, maandishi madogo ya kijivu. Niliipenda mno, hadi nikaipiga picha. Mama wa bwana harusi alipokuja kuikagua aliivuta karibu, akaisogeza mbali, akavua miwani. "Mwanangu," akaniambia taratibu, "mimi namwozesha mtoto, sijafiwa."

Nyie mnaoanza kazi hii ya ubunifu sasa, kosa hilo naliona mezani kwenu karibu kila wiki. Mnadhani ni suala la ladha, kwamba mteja hajui kizuri. Mimi siku ile nilikuwa nimeazima tabia ya ubunifu ya mtu mwingine, na tabia ya kuazima ni kama koti la kuazima: mabega hayakai.

Rams alizaliwa Wiesbaden, Ujerumani, mwaka 1932, mjukuu wa seremala. Alisomea usanifu wa majengo, akaingia kampuni ya vifaa vya umeme ya Braun mwaka 1955. Mwaka uliofuata yeye na Hans Gugelot wakatoa SK 4, redio na gramafoni kwenye kisanduku kimoja chenye mfuniko unaoonyesha ndani. Gramafoni za wakati ule zilifichwa kwenye makabati ya mbao mazito, kwa hiyo watu waliitania hii "jeneza la Snow White", yule binti wa hadithi aliyelazwa kwenye kioo. Mtu aliyetoa kitu kile alikuwa anaumizwa kwelikweli na mchafuko wa maumbo, rangi na kelele uliomzunguka, na alisema hivyo waziwazi. Kupunguza kwake kulikuwa ni dawa ya maumivu yake mwenyewe. Mimi sikuwa na maumivu yale. Nilikuwa nimeona picha tu.

Sasa mweke pembeni yake Ettore Sottsass, mbunifu Mwitaliano aliyezaliwa Innsbruck, Austria, mwaka 1917. Huyu alifanya kazi na Olivetti, watengenezaji wa taipureta na mashine za hesabu, na mwaka 1969 yeye na Perry King wakatoa Valentine, taipureta ndogo ya plastiki, nyekundu kama pilipili iliyoiva. Mwaka 1981, akiwa na zaidi ya miaka 60, umri ambao wengine wanahesabu pensheni, akaongoza kundi la wabunifu vijana lililoitwa Memphis kule Milano na kuonyesha samani zilizowakera watu wazima wote wenye heshima zao.

Ukitaka kuwaelewa wawili hawa, linganisha shelfu zao za vitabu. Ile ya Rams, 606, ni ya mwaka 1960: reli za alumini ukutani na rafu nyembamba za chuma, basi. Ukishapanga vitabu, shelfu inapotea, unabaki na vitabu. Inauzwa mpaka leo. Ile ya Sottsass, Carlton, ya 1981, inasimama katikati ya chumba kama mtu aliyeinua mikono kwenye ngoma, kila ubao rangi yake, nyingine zimelala mshazari kiasi kwamba kitabu hakisimami wima. Ukiweka vitabu pale vinaonekana kama wageni waliokosea nyumba. Kazi ni ileile, kubeba vitabu. Mmoja hakuvumilia kelele, mwingine hakuvumilia kuboreka.

Kwa hiyo usitafute tabia yako kwenye rangi unazozipenda. Rangi zinapita, kuna mwaka duka zima lilikuwa zambarau. Itafute kwenye kero. Chukua kazi ya mtu mwingine iliyoharibika kiasi, menyu ya mgahawa au tangazo la kliniki, uirekebishe kwa dakika kumi bila kufikiri sana, halafu angalia mkono wako ulianzia wapi. Kuna wanaokimbilia kunyoosha mistari. Kuna wanaofuta, na wapo wanaobadilisha maneno kabla hawajagusa umbo lolote (hao huwa wazuri sana na hawajijui). Rudia zoezi mara tano, sita. Utajiona.

Hapo ndipo hatari inapoanzia, maana ukishaijua tabia yako utataka kuitetea. Nyote mmesikia habari za Paul Rand, mchoraji wa nembo wa Marekani. Mwaka 1986 Steve Jobs alitaka nembo ya kampuni yake ya kompyuta, NeXT, akauliza kama angeletewa chaguo kadhaa. Rand akakataa: yeye angetatua tatizo na angelipwa, kuitumia au kutoitumia ni shauri la Jobs. Bei, dola 100,000. Kijana mmoja ofisini kwetu alilijaribu jibu hilo kwa mteja wa fulana 40 za mahafali. Mteja alivuka barabara, akachapishiwa upande wa pili.

Kinachosahaulika ni kwamba Rand alikuwa na zaidi ya miaka 70, na alikuwa amefanya kazi na kampuni ya kompyuta ya IBM tangu 1956. Tena hakuleta nembo peke yake, kile kisanduku cheusi kilichoinamishwa nyuzi 28. Aliileta pamoja na kijitabu kinachoeleza hatua kwa hatua alivyoifikia. Kiburi chake kilikuwa na maelezo. Ukitaka kuiga kitu kwa Rand, anza na kijitabu.

Halafu kuna Massimo Vignelli, na habari yake mimi bado inanisumbua. Mtu wa Milano aliyehamia New York, mpenda mpangilio kupita kiasi, aliyeamini kwamba fonti chache, yaani sura za herufi, zinamtosha mbunifu maisha yake yote. Ramani ya treni za chini ya ardhi ya New York ya mwaka 1972 ni tabia yake tupu: mistari imenyooka au imekatwa nyuzi 45, kila njia rangi yake, kila kituo nukta. Inapendeza mpaka leo. Lakini Central Park, bustani ndefu na nyembamba kama ulimi, ikawa kama mraba wa kijivu, na maji yakawa na rangi ya mchanga. Wenyeji wakalalamika. Mwaka 1979 ikaondolewa. Vignelli hakulegeza, kwake ule ulikuwa mchoro wa njia, na alisema kosa lilikuwa kuweka hizo bustani kabisa. Alifariki 2014. Mwaka 2025 mamlaka ya usafiri ya New York ikatoa ramani mpya inayofuata mtindo wake. Nani alikuwa sahihi mwaka 1979? Mimi nadhani abiria. Na bado nadhani ramani ilikuwa nzuri. Mtaishi na mambo ya namna hiyo.

Kwa wanaolalamika kwamba mteja amewabana hakuna nafasi ya kujionyesha: Susan Kare, aliyetoka kwenye uchongaji wa sanamu, alichora alama za kompyuta ya Macintosh ya Apple ya 1984 ndani ya gridi ya vinukta 32 kwa 32, na humo akatia kompyuta inayotabasamu. Au tazama kanga ya mama yako. Pindo, mji, jina. Fremu haibadiliki, na bado hazifanani.

Turudi kwenye kadi yangu. Niliifanya upya kwa hasira, maua nikayarudisha. Ila wakati naipanga nikagundua ile ya kwanza ilikuwa na aibu nyingine: namba ya kutuma mchango nilikuwa nimeiandika kwa herufi ndogo za kijivu, chini kabisa, kiasi kwamba baba mdogo wa kijijini angehitaji kuazima macho. Hilo lilinikera kuliko habari ya msiba. Redio za Rams zina utulivu, lakini kitufe unakiona. Namba nikaikuza, nikaiwekea nafasi yake peke yake, maua yakasogea. Mama alipoiona hakusifia chochote. Alitoa simu, akaanza kuijaribu namba palepale.

Siku hizi akija mgeni dukani nampa kadi ya kipaimara iliyovurugika na dakika kumi. Mwezi uliopita walikuja wawili. Wa kwanza alikwenda moja kwa moja kwenye mpaka wa maua, akauongezea. Wa pili aliufuta wote kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Nimewapanga meza moja, na sasa hivi ninavyoandika wanabishana.