Mgombea akibisha hodi Glasgow, muulize haya

Kila uchaguzi wa Bunge la Uskoti ukikaribia, makundi yetu ya WhatsApp hapa Glasgow hujaa swali lile lile: "Kwani sisi wageni tunapiga kura?" Tunapiga. Waliotoka nchi za Jumuiya ya Madola walikuwa na haki hiyo tangu mwanzo, na sheria ya mwaka 2020 ikawaingiza wengine wote wenye ruhusa halali ya kuishi hapa. Mkongo wa Springburn na Mrundi wa Govanhill wanajiandikisha sawa na Mskoti, mradi wametimiza miaka 16. Anayesubiri jibu la ombi la hifadhi bado hajaruhusiwa, ila akishakubaliwa kuwa mkimbizi anaingia. Kura ya mwaka 2026 iliwekwa Mei 7. Hilo limeisha.

Swali ambalo sijaona likiulizwa kwenye makundi hayo ni hili: huyu anayeomba jimbo utampimaje?

Nimeishi hapa muda wa kutosha kuona wagombea wakipanda ngazi za ghorofa letu na vipeperushi mkononi. Nimewahi pia kujitolea upande wa pili, nikimsindikiza mgombea mlango kwa mlango huku mvua ya hapa, isiyojua kunyesha wima, ikitupiga usoni. Kipimo nilichobaki nacho ni kimoja: msikilize mgombea anakataa kukuahidi nini. Anayekubali kila unachomwomba, ama haijui kazi anayoiomba, ama anaijua na anakuchezea.

Sisi tumekulia kwenye siasa za mbunge anayeleta kila kitu: mabati ya shule, gari la wagonjwa, mpaka mchango wa msiba. Hapa mambo yamegawanywa nyumba tatu. Westminster, yaani Bunge la Uingereza nzima kule London, ndiko kwenye uhamiaji, pasipoti, jeshi, mambo ya nje na sehemu kubwa ya mafao, ikiwemo Universal Credit. Holyrood, yaani Bunge la Uskoti lililoanza 1999 pale Edinburgh, linashika hospitali, shule na vyuo, polisi, mahakama, sheria za kupanga nyumba, mabasi, na viwango vya kodi inayokatwa kwenye mshahara. Halafu kuna halmashauri na madiwani wake: mapipa ya taka, maegesho, taa za mtaani, nafasi ya mtoto kwenye shule ya jirani.

Kumwomba mgombea wa Holyrood akupatie visa ni kumwomba fundi cherehani akuchomelee geti. Na bado kuna mafundi cherehani wanaopokea kazi hiyo! Nimemsikia mgombea mmoja akimwambia mama wa Kikongo, pale pale ngazini, kwamba akichaguliwa "atayashughulikia" makaratasi ya familia yake. Mama wa watu akafurahi, akatukaribisha chai. Mgombea anayeijua kazi angemwambia: mama, hilo liko kwa mbunge wako wa Westminster, anaitwa fulani, ofisi yake iko mahali fulani, nami nitakusaidia kumfikia. Jibu hilo halina utamu, na pengine asingepewa chai. Ila mama angetoka na jina na anwani.

Tukio lililofundisha mgawanyo huu kuliko kipeperushi chochote lilitokea Kenmure Street, Pollokshields, Alhamisi ya Mei 13, 2021. Ilikuwa Idi, na wiki moja kamili tangu uchaguzi. Maofisa wa uhamiaji walikuja asubuhi, wakawachukua wanaume wawili na kuwaingiza kwenye gari. Majirani wakatoka. Mtu mmoja akajilaza chini ya gari, wengine wakalizunguka, na kufikia alasiri mtaa ulikuwa umefurika mamia ya watu. Sasa angalia: mtaa huo ulikuwa ndani ya jimbo la Glasgow Southside, na mbunge aliyetoka kuchaguliwa humo alikuwa Nicola Sturgeon, Waziri Kiongozi wa Uskoti nzima. Huwezi kuwa na mbunge wa jimbo mzito kuliko huyo. Lakini hakuwa na mamlaka ya kuliamuru gari lile liwaachie, maana uhamiaji si wa Edinburgh. Alisema, alilaani, alidai maelezo London. Walioamua jioni kwamba wale wawili waachiwe, kwa ajili ya usalama wa umma, walikuwa polisi, na polisi wa Uskoti wako chini ya sheria za Holyrood, ingawa uamuzi wa uwanjani ni wa makamanda wao, si wa wanasiasa.

Kwa hiyo mgombea akibisha hodi, usimuulize kama atazuia watu kurudishwa makwao. Muulize polisi wa Uskoti wasimame wapi maofisa wa uhamiaji wanapoingia mtaani. Hilo la pili lina majibu yanayotofautiana kati ya chama na chama, na mgombea hawezi kulikwepa kwa kusema "hayo ni ya London".

Swali langu mimi huwa ni la ada ya chuo kikuu. Wengi wetu tuna watoto waliofika hapa wakiwa sekondari, na siku ya kwenda chuo ndipo familia inagundua kuna kuhesabiwa mwanafunzi wa nyumbani na kuna kuhesabiwa mwanafunzi wa nje. Wa nyumbani analipiwa ada na serikali ya Uskoti. Wa nje anapewa bili inayoweza kumlaza mzazi macho. Aina ya ruhusa yako ya kuishi inaamuliwa London, lakini masharti ya nani alipiwe ada yanatungwa Edinburgh, na yanaweza kubadilishwa Edinburgh. Niliwaandikia wagombea wote wa jimbo letu barua pepe moja, maneno yale yale, bila kumtaja mwenzao yeyote. Mmoja alinirudishia kipeperushi cha chama kuhusu "elimu bora kwa wote". Wawili hawakujibu kabisa. Mmoja alijibu kwa aya nne, akaeleza masharti ya miaka ya ukaazi, akakiri kwamba chama chake hakina mpango wa kuyabadilisha na akasema kwa nini. Sikukubaliana naye hata kidogo, lakini nilijua ni nani kati yao amesoma.

Fanya hivyo hivyo. Orodha ya wagombea hutangazwa kwenye tovuti ya halmashauri wiki kadhaa kabla ya kura, na kila mmoja ana anwani. Chagua jambo moja la nyumbani kwako ambalo kweli ni la Holyrood. Wewe ni mwalimu uliyesomea Dodoma au Bukavu na unataka kufundisha? Usajili wa walimu hapa ni wa Uskoti yenyewe, si wa London, basi uliza. Unapanga nyumba ya mtu binafsi? Tangu Desemba 2017 mkataba mpya wa kupanga hauna tarehe ya mwisho, na mwenye nyumba hawezi kukutoa bila sababu iliyotajwa kwenye sheria. Uliza nani anataka kulinda hilo na nani anataka kulilegeza. Watoto wako wanapanda basi bure kwa sababu walio chini ya miaka 22 walipewa haki hiyo Januari 2022, na ni bajeti ya Edinburgh inayolipa. Maswali ya namna hii hayahitaji Kiingereza cha redio.

Sasa kuhusu karatasi zenyewe, maana hapa ndipo wapya huchanganyikiwa. Unapewa mbili. Ya zambarau nyepesi ni ya mbunge wa jimbo: majina ya watu, unaweka alama moja ya X, mwenye kura nyingi anachukua. Viti hivyo viko 73. Ya rangi ya pichi ni ya mkoa: hapo unachagua chama, au mgombea binafsi wa mkoa, na inagawa viti 56 katika mikoa minane, saba kila mmoja. Mtanzania atafikiria viti maalum, na hayuko mbali, isipokuwa hivi si vya wanawake peke yao na vina karatasi yao. Kazi yake ni kusawazisha. Chama kilichozoa majimbo hupunguziwa kwenye mkoa. Mwaka 2021 SNP, chama cha Sturgeon, kilishinda majimbo yote tisa ya mkoa wa Glasgow, na kilipofika kwenye viti vya mkoa hakikupata hata kimoja, ingawa kura zake za mkoa zilizidi za chama kingine chochote. Viti saba vikaenda Labour vinne, Conservative viwili, Greens kimoja.

Ndiyo maana pia usishangae mtu aliyeshindwa jimbo kuonekana bungeni. Anas Sarwar, kiongozi wa Labour ya Uskoti, aligombea dhidi ya Sturgeon pale Southside mwaka 2021, akashindwa, akaingia kupitia orodha ya mkoa. Ni halali kabisa kugombea kote kuwili. Kwetu tungesema amebebwa. Mimi naona ni nafuu kwa sisi wananchi, maana ukiwa na shida unao wabunge wanane wa kuwaendea: mmoja wa jimbo na saba wa mkoa. Wa jimbo akikupuuza, huna haja ya kumsubiri miaka mitano.

Kura hizi mbili ziliwahi kuleta balaa. Mwaka 2007 kura zote mbili ziliwekwa kwenye karatasi moja pana, na siku hiyo hiyo kulikuwa na uchaguzi wa madiwani unaotumia namba badala ya X. Zaidi ya kura 140,000 ziliharibika. Cunninghame North mshindi alipita kwa kura 48, wakati zilizokataliwa jimboni humo zilikuwa mara nyingi ya hizo. Na kama bado unadhani kura yako ni tone tu, mwaka 2011 Glasgow Anniesland iliamuliwa kwa kura 7. Saba! Ukoo mmoja wa Kihaya uliohamia pale ungeligeuza jimbo kwa chakula cha Jumapili.

Jambo lingine ambalo sisi wa Tanzania hutushangaza: mtu anaweza kusimama bila chama. Kwetu sheria bado inadai udhamini wa chama, licha ya hukumu ya Mahakama ya Afrika ya mwaka 2013 kwenye kesi ya Mchungaji Mtikila. Hapa mgombea binafsi ni jambo la kawaida, na wengi wao huangukia mkiani, ila si wote. Dennis Canavan alikataliwa na Labour mwaka 1999, akasimama peke yake Falkirk West na akaibuka na ushindi mnono kuliko wote nchini. Mwaka 2003 daktari mmoja, Jean Turner, alilichukua jimbo la Strathkelvin and Bearsden kwa hoja ya kutetea hospitali ya Stobhill. Alikuwa na hoja moja, na ilikuwa ya Holyrood. Angesimama kwa hoja ya vita vya Iraq, iliyokuwa midomoni mwa kila mtu mwaka ule, angekuwa anaomba kazi isiyo ya nyumba ile.

Usisubiri kofia, kanga wala nauli. Takrima, ambayo kwetu ilikuwa ndani ya sheria mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006, hapa ni kosa la jinai linaloweza kumvua mtu ushindi. Mgombea akija kwenye sherehe ya jumuiya yetu, yeye ndiye mgeni. Viongozi wa jumuiya nao wakumbuke kwamba hawana kura za kumkabidhi mtu. Nimeona mwenyekiti wa kikundi fulani akipiga picha na mgombea na kutangaza "Waswahili wote tuko nawe". Waswahili wapi? Tulikuwa na wapenzi wa vyama vinne kwenye meza moja ya pilau.

Na kama umewasikiliza wote ukaona bora usimame mwenyewe, njia ipo. Uwe na miaka 18. Sheria ya 2025 imefungua kugombea hata kwa wenye ruhusa ya kuishi yenye kikomo, siyo wa kudumu tu. Dhamana ni pauni 500, inayorudi ukizidi asilimia 5 ya kura. Unahitaji wakala wa uchaguzi, na hapo usimchukue rafiki mcheshi, mchukue anayetunza risiti, kwa sababu hesabu za matumizi hukabidhiwa ndani ya siku 35 baada ya matokeo. Kila kipeperushi kiwe na jina na anwani ya aliyekitoa na aliyekichapa. Humza Yousaf, ambaye mama yake alizaliwa Nairobi, alianzia orodha ya mkoa wa Glasgow mwaka 2011, akalitwaa jimbo la Pollok mwaka 2016, na mwaka 2023 akawa Waziri Kiongozi. Ila alikuwa amefanya kazi ofisini kwa wabunge kabla ya hapo, na hiyo ndiyo sehemu ambayo vijana wetu huiruka.

Mipaka ya majimbo imechorwa upya kwa ajili ya 2026, hivyo hata kama ulipiga kura 2021, andika msimbo wako wa posta kwenye tovuti ya Tume ya Uchaguzi uone uko jimbo gani sasa. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 4 usiku, kwa hiyo mwenye zamu ya usiku kwenye nyumba za wazee apitie asubuhi akitoka kazini. Kitambulisho chenye picha, kinachodaiwa kwenye uchaguzi wa Westminster, hakidaiwi kwenye huu.