Mume karudi kutoka msheni ya jeshi: usimkabidhi nyumba siku hiyo hiyo, na mgeni usimfanye

Jirani yangu mmoja, mdogo kwangu, mume wake yuko nje na jeshi na anarudi mwezi ujao inshallah. Juzi kaja ananiuliza dada hivi siku ile nimpikie nini. Nikamwambia mdogo wangu chakula achana nacho, siku hiyo watapika mawifi na majirani na hata sufuria zako hutajua ziko kwa nani. Kazi iko wiki ya pili, watu wameshaondoka, mikeka imekunjwa, mmebaki nyie wenyewe na yeye kakaa kibarazani anaangalia geti.

Wangu alikuwa Kongo, pande za Beni, mwaka na miezi. Wenye kumbukumbu wanajua Beni ni nini kwetu, Desemba 2017 kambi ya walinda amani wetu wa Umoja wa Mataifa pale Semuliki ilivamiwa tukapoteza vijana wetu wasiopungua 14 kwa siku moja, sasa hata kama miaka imepita mtu akikwambia mume wako kapangiwa huko huko unalalaje? Mimi nililala na simu kifuani. Na kwenye hiyo simu tulikuwa tunadanganyana wote wawili, yeye huku shwari tu mama, jioni tunacheza volibo, mimi huku watoto wazima kabisa wanakusalimia, kumbe naongea nimesimama nje ya wodi. Kwahiyo siku anashuka kwenye basi hapa Mtwara kila mtu alikuwa na habari za uongo za mwenzake, ndo tukaanza kuishi.

Kosa langu la kwanza nililifanya asubuhi ya pili. Nilikuwa nimechoka jamani, mwaka mzima baba mimi mama mimi, nikamtupia kila kitu pale pale kwenye chai. Ada ya mkubwa, fundi wa bati kala hela haonekani, jirani wa shambani kasogeza mpaka, yote. Yeye akaitikia kama anapokea amri. Ndani ya siku tatu nyumba ikawa kambi, saa kumi na moja alfajiri watu macho, vitanda vitandikwe, viatu vipangwe mstari mmoja. Mkubwa wangu akanifuata jikoni ananinong'oneza, mama hivi likizo ya baba inaisha lini.

Nikastuka, nikageuza gia kwa nguvu kumbe naharibu zaidi. Nikaanza kumnyang'anya kila kitu, acha baba watoto pumzika, hilo ntafanya mimi, hilo kaka atakuja kufanya. Wahenga walisema mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, mimi jembe nilimnyima wiki tatu. Mtu aliyekuwa anaamka kazini kila siku umemkalisha kwenye kiti cha plastiki na rimoti, unategemea nini? Akawa anakagua milango usiku, mara mbili mara tatu, halafu anaenda kulala kibarazani kwenye mkeka bila neti.

Hapa niseme na la mjomba, maana wenzangu wa kusini mnalijua. Sisi Wamakonde mjomba ana sauti yake, na kipindi baba hayupo sauti hiyo inakuwa mara mbili. Kaka yangu ndo alikuwa anaenda vikao vya shule, kaka yangu ndo aliyesimamia jando la mkubwa likizo ya Desemba, sasa mtoto akitaka kitu anampigia mjomba, baba yake amekaa hapo hapo anamsikia. Mume wangu ni Mmakonde wa Newala, yeye mwenyewe ni mjomba wa watu na sheria anazijua, lakini kuzijua ni kitu kimoja na kukuta mwanao kashatoka jandoni kawa mtu mwingine na we hukuwepo ni kitu kingine. Ushauri wangu ni kwamba kaka ukae nae kabla mume hajafika. Wangu nilichelewa kumwambia, ila nashukuru alielewa, akaanza kumjibu mtoto "muulize baba'ko kwanza" hata kwa hela ya daftari. Taratibu ikakaa sawa.

Wa mwisho yeye alikuja na staili yake. Alimwacha na miezi minane, hajui baba ni nini, wiki ya kwanza analia akimwona, wiki ya pili akaanza kuficha viatu. Kimoja tu. Baba akitaka kwenda hata dukani kiatu kimoja hakipo, tunakikuta kwenye banda la kuku, kwenye ndoo ya unga, na Ijumaa moja mwanaume alienda msikitini na kandambili zangu za pinki. Nilitaka kumchapa yule mtoto, baba yake akasema muache.

Haya, shamba. Tuna mikorosho kidogo njia ya Nanyamba, na alirudi mwezi wa sita ambao kila mtu yuko kwenye palizi na kupulizia salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Nikasema basi twende wote, mimi, yeye na binti yetu wa kati. Kafyeka vizuri tu, anatania, nikaona mume wangu ndo huyu sasa. Jirani shamba la pili akawasha bloa ya kupulizia salfa. Wanaoijua wanajua ile kitu ikiwaka inavyokohoa kwanza pa, pa, pa kabla ya kunguruma. Nageuka simwoni mtu. Yuko chini, kifua kwenye majani makavu chini ya mkorosho, mkono mmoja umemkandamiza mtoto kichwa. Mtoto anacheka anajua ni mchezo. Kama nusu dakika hivi, ile salfa inapita juu yetu kama moshi wa njano, halafu akainuka, akamkung'uta mtoto gauni, akaokota panga akaendelea kufyeka. Hakusema kitu na mimi sikusema.

Nimeulizwa kwanini sikumuuliza. Kwasababu hapo sipo pa kuuliza. Na usiende kuhadithia kwa majirani, hata kama ni kwa nia njema, maana likifika sokoni linakuwa lingine. Na wazuie ndugu na yale maswali yao, shemeji yangu mmoja mtu mzima na akili zake alimuuliza mbele ya watoto "sasa mwamba kule umelaza wangapi?" Nilimtoa nje siku hiyo na adabu yangu nikaiweka pembeni.

Mama mkwe wangu aliposikia mwanae hapati usingizi akasema amefungwa kwa uchawi, apelekwe kwa fundi, yaani mganga, kuna mzuri yuko Kitangali. Nikamjibu sawa mama ila tuanze na hospitali. Nilikuwa nimeshaongea na nesi mmoja akaniambia kushtuka na ndoto mbaya wiki za mwanzo ni kawaida kwa mtu aliyetoka kwenye risasi, ila ikizidi mwezi na haipungui, au ameanza pombe za kujificha, kupiga, au maneno ya bora nife, hapo usisubiri, kuna hospitali za jeshi na kuna hospitali yetu ya Ligula hapa Mtwara. Wetu aligoma mwanzo, "mi sio chizi". Alichokubali ni kwenda kumuona mwenzake waliyekuwa nae kule, anakaa Lindi, huyo ndo akamwambia mbona mimi nimeshaenda kitambo. Akaenda. Mke anaweza kusema mara mia, mwenzake wa lindoni akisema mara moja imetosha. Na mkiwa huko huko hospitali pimeni na yale mengine wote wawili, msioneane aibu, hilo sitaki kulieleza sana.

Hela nayo. Watu wakisikia Umoja wa Mataifa wanajua mumeo karudi na begi la dola. Hawajui kwamba UN inailipa serikali, halafu serikali ndo inamlipa askari wake, kwahiyo hicho kiasi wanachokitaja vijiweni sio kinachoingia mfukoni. Waelezee uwezavyo ila hawatakuelewa. Kaeni siku za mwanzo kabisa mkubaliane mama yake kiasi fulani, mama yako kiasi fulani, wengine hela imeisha kwenye bati, na mtu asiyeamini mpeleke akaangalie bati.

Nimeacha la daftari makusudi. Hela yote aliyokuwa anatuma nilikuwa naandika kwenye daftari la kaunta, kila siku, na niliandika kwa uoga tu, nisije nikaambiwa nimekula. Lilikaa kabatini. Usiku mmoja umeme umekatika akaniuliza lile daftari liko wapi, roho ikanipasuka, nikajua leo ndo leo, nikampa na tochi ya simu.

Kumbe hatafuti makosa. Anasoma tu. Sabuni, mafuta ya taa, sare. Akafika kwenye ukurasa wa jando, kuku sita, mchele, shuka jipya, kofia, akauliza kofia ya rangi gani. Nikamwambia nyeupe, ilikuwa kubwa inamshukia machoni. Akacheka. Akafunua tena. Halafu kimya. Nachungulia, naona kaweka kidole kwenye bajaji Ligula 4,000, chini yake tena bajaji Ligula 4,000, uji wa mgonjwa, dawa ya kifua, bajaji Ligula, siku nne mfululizo.

"Tarehe tisa si ndo uliniambia mmekula pilau kwa jirani?"

Nikamwambia mtoto alikuwa na nimonia. Nilikuwa nje ya wodi.

Akazima tochi. Tukakaa na giza letu pale, mbu wanatung'ata, baadae akaniambia hiyo tarehe tisa hata yeye hakukuwa na volibo. Akanieleza siku hiyo ilikuwaje, ya kwake siiandiki hapa. Usiku ule alilala ndani.

Kwahiyo kama mumeo bado yuko huko, nunua daftari leo. Andika bei za kila kitu hata pipi, na tarehe weka. Letu bado linaendelea, ila siku hizi tunaandika wawili. Mara ya kwanza kuuona mwandiko wake mle ilikuwa chini ya mchele na dagaa, kanunua vile viazi pori vyetu vya kusini, herufi kubwa zote kama anajaza fomu ya kazini: MING'OKO 500. NADAIWA.